Mpaka wa Mji Uliopita Shambani kwa Ma Kokwijuka

Vijana wa ofisi ya upimaji pale Bukoba mmenisumbua vya kutosha. Tangu niliporudisha ufunguo wa kabati la ramani, sitoki misani Jumapili bila mmoja wenu kunishika mkono. "Mzee Novati, andika. Usije ukaondoka na mambo yote kichwani." Ukianza kuambiwa hivyo, ujue watu wameshakukadiria siku zako. Basi naandika. Vyeo sitavitaja, na mshahara pia sitautaja, maana vyote viwili havikuwa vya kusimuliwa. Nitawaeleza kazi yenyewe, na kesi moja iliyonifundisha kuliko nyingine zote.

Nilianzia Muleba, nikiwa mshika mnyororo. Serikali ilitaka kuchora gombolola moja, yaani eneo la vijiji kadhaa, inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi, kwa sababu wakubwa walikuwa wamechoka kusuluhisha wakungu wawili, wale wakuu wa vijiji, waliodai kijiji kimoja. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni na mwandiko mzuri na viatu vipya. Mnyapara wetu, Ta Petro, alivitazama viatu kwa muda. "Ta" ndivyo tunavyomwita mwanamume wa umri wa baba, kama tunavyomwita mama mtu mzima "Ma". Ta Petro akaniuliza, "Novati, hivyo utavivua saa ngapi?" Nikamjibu kwamba sivivui. Kabla jua halijapanda vizuri nilikuwa nimevifunga shingoni kwa kamba zake, nimezama kwenye tope la bonde hadi magotini, na yeye hakusema neno. Huo ndio ulikuwa utani wake, kukuuliza jambo kisha kukuacha ujijibu mwenyewe.

Mnyororo wa kupimia mmeukuta stoo ukishika kutu, mkaucheka. Sisi tuliuheshimu. Una vipande vya shaba vinavyoning'inia, kila kimoja na umbo lake, ili mkono uvitambue hata ndani ya majani marefu ya rweya, yaani mbuga za majani zinazotenganisha vijiji vyetu. Jua likiwaka, chuma hurefuka. Ta Petro alikuwa akiugusisha mnyororo shingoni asubuhi, na tena mchana, kisha anamwambia mzungu mpimaji aliyetuongoza, "Bwana, umekua." Tope likiingia kwenye vipingili, unafupika. Ukiuvuta kama unamburuta mbuzi, unanyooka kupita kiasi. Ramani mnazozikunja leo kwapani zilitokana na watu waliojua kuvuta kwa nguvu ile ile asubuhi na jioni, njaa ikiwauma au wameshiba.

Kitu kingine alichonifundisha ni salamu. Hakuna kigingi kuingia ardhini kabla hujaingia nyumbani kwa mwenye shamba, ukaketi, ukapokea kahawa za kutafuna, ukaulizwa habari za kwenu mpaka babu yako akafahamika. Mzungu wetu mwanzoni aliona tunapoteza wakati. Alikuwa mtu wa taratibu, mrefu, asiyepandisha sauti, nasi tulimwita Bwana Mpola, yaani Bwana Polepole. Jina lilimfaa kwa kila kitu isipokuwa subira ya kahawa. Siku moja alikataa kuketi, akatutuma tupige vigingi kwanza. Kesho yake vigingi vyote vilikuwa vimelazwa mlangoni pa hema lake, vimepangwa vizuri kabisa kama kuni za kuuza. Tangu hapo alitafuna kahawa kuliko sisi.

Siwezi kusahau Bumbire. Tulikwenda kisiwani kwa mtumbwi, na nilitapika toka ufukweni mpaka ufukweni, mchana kutwa. Mzee mmoja mvuvi alitukuta tukipanga fito zetu nyekundu na nyeupe, akauliza kama ziwa nalo litawekewa mpaka. Ta Petro akamwambia, "Kwenye karatasi, ndiyo." Mzee akafikiri. "Na samaki wameshaambiwa?" Bwana Mpola alipotafsiriwa alicheka mpaka akakaa chini, na baadaye nilimwona akiandika maneno hayo pembeni mwa kitabu chake cha vipimo. Senene, wale panzi wetu wa kuliwa, walipoanza kuanguka kazi ilisimama. Hakuna serikali duniani iliyowahi kumzuia Mhaya kukamata senene, na hiyo ya Mwingereza haikujaribu.

Mwandiko ndio ulionitoa porini. Nilihamishiwa Bukoba mjini kuchora. Kitambaa cha kuchorea ramani kimepakwa wanga, kwa hiyo jasho la mkono hukiharibu, na ziwa letu halina siku ya ukavu. Nilichora nimeweka karatasi chini ya kiganja, na kosa nililikwangua kwa wembe, pole pole, bila kutoboa. Adui mkubwa alikuwa mende. Wanapenda wanga. Niliwahi kufungua kabati nikakuta wamekula nusu ya Kitendaguro, nyumba za watu, njia na kisima. Bwana Mpola akasema ni mara ya kwanza kijiji kuliwa bila vita.

Sasa niingie kwenye kesi yenyewe.

Vita vya pili vilipokwisha, mji ulianza kuvimba. Maduka yaliongezeka, watu walijenga popote, na wakubwa wakataka mpaka mpya wa mji ili wapange barabara, maji na viwanja kabla mambo hayajaharibika. Nia haikuwa mbaya, nami bado naitetea. Mji usio na mpaka hauwezi kupangwa, ni sawa na kupika bila kujua wanaokula ni wangapi. Upande wa Kibeta, agizo lilisema mji uchukue rweya yote mpaka ukingo wa kijiji, na kijiji chenyewe kiachwe nje. Maneno mepesi hayo, ukiyasoma ukiwa umeketi ofisini.

Bwana Mpola alitaka tufuate mahali majani yanapoishia na migomba kuanzia. Ta Petro akakataa kwa heshima. Alisema migomba hupandwa na kung'olewa, mwaka huu iko hapa na mwaka ujao kule, lakini mulamula haihami. Mulamula ni ule mti mwembamba wenye majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka. Ukiukata unachipua, na katika baraza lolote la Buhaya mulamula ni shahidi asiyehitaji kuapishwa. "Bwana," Ta Petro alisema, "hapa kwetu mulamula ndiyo sheria." Na kweli, ilikuwepo safu moja nene, ya zamani, ikikata juu ya mteremko. Tukamtazama mkungu wa kijiji, aliyekuwa akituongoza. Mkungu akatazama ziwani. Tukachukulia kwamba amekubali. Mawe ya mpaka yakasimikwa kandokando ya mulamula ile, nami nikachora mstari kwa wino mweusi, mstari mzuri sana, na ramani ikapelekwa Dar es Salaam kuidhinishwa.

Sisi sote katika kikosi kile, ukimtoa Bwana Mpola, tulizaliwa migombani. Kila mmoja wetu alijua tangu utotoni kwamba mulamula hupandwa kati ya mtu na mtu. Kijiji kinapoishia kwenye majani hakuna wa kugombana naye, basi nani apande mulamula kuwazuia panzi? Mgeni angeuliza. Wenyeji tuliiamini mno mulamula hata hatukuiuliza ni ya nani.

Habari ikatufikia kupitia kwa Ma Kokwijuka. Alikuwa mjane, Mlutheri, mwembamba, na moyo wake ulikuwa umeanza kumchosha, akipanda mteremko anasimama kila baada ya hatua chache. Aliingia ofisini kwetu akakaa sakafuni kwenye mkeka wake mwenyewe, akakataa kiti.

"Wanangu," alisema, "bwana afya amepita kwangu. Anasema nyumba yangu sasa iko mjini."

Ta Petro akamwambia ndivyo, iko ndani ya mpaka mpya, na huenda siku moja atapata maji ya bomba.

"Waitu," akajibu kwa neno letu la heshima, "maji ninayo. Nauliza jambo jingine. Laurenti wangu amelala kibanjani, nyuma ya nyumba. Bwana afya anasema mjini watu wanazikwa makaburini pa mji tu. Mimi nitazikwa wapi?"

Vijana, ninyi mmezaliwa wakati makaburi ya mji yameshazoeleka. Kwetu, kibanja ni shamba la migomba, na ni nyumba, na ni mahali ulipo ukoo wako wote, walio juu ya udongo na walio chini. Kumzika mtu mbali na kibanja chake ni kumfukuza akiwa hawezi kujitetea. Yule mama hakulia wala hakutulaumu. Alikuwa anataka tu kujua, kama mtu anayeuliza basi linaondoka saa ngapi, na mimi niliyeuchora mstari nilitamani sakafu ipasuke nijifiche.

Ta Petro akamuuliza, kwa sauti ndogo, mulamula ile ya juu ya nyumba yake ni ya lini.

"Ya lini? Nilishika miche kwa mikono yangu hii. Laurenti na mdogo wake walipogawana kibanja cha baba yao. Ninyi hamkumuuliza mtu?"

Kesho yake tulipanda Kibeta. Mkungu alipoona tunakuja alianza kukohoa tukiwa bado mbali. Ta Petro hakumgombeza. Alimuuliza tu kwa nini siku ile alitazama ziwani. Mkungu akasema, "Ta Petro, ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Wewe ulitaka niseme nini?" Ndipo tukaelezwa. Mdogo wake Laurenti, Ta Kaijage, hakuikubali mulamula ile hata siku moja. Alidai kaka yake aliipanda ndani ya upande wake, akamla kipande chenye mibuni mizuri. Walishtakiana kwa mkungu, kisha gombololani, kesi ikaahirishwa mpaka Laurenti akafa. Tangu hapo Ta Kaijage hajawahi kuvuka kwenda kwa shemeji yake, hata kwenye msiba alisimama upande wake. Mtu yeyote kijijini aliyesema mulamula ile ni mpaka wa ndugu wawili, alikuwa amechagua upande katika kesi. Mkungu alipoona serikali inaigeuza kuwa mpaka wa mji, alimshukuru Mungu kwamba balaa limepata mwenyewe mwingine.

Tukarudi mjini. Njiani Ta Petro aliniambia anakwenda kwa Bwana Mpola kusema kwamba alikosea. Nikamwambia afikiri kwanza. Mipaka mingi ya Muleba na Bukoba ilisimama juu ya ushahidi wake, na kila aliyeshindwa angekuja kusema kama Petro alikosea Kibeta alikosea kote. Akaniuliza, "Na kama kweli nilikosea kote?" Akaniacha nijijibu. Nilikuwa nampenda mzee yule, na siku ile nilimpenda kwa namna nyingine.

Bwana Mpola alimsikiliza mpaka mwisho. Hakusema, "Nilikuambia." Alisema ramani imeshafika Dar es Salaam, na Dar es Salaam haiwezi kubadilisha mstari kwa sababu mnyapara amebadilisha mawazo. Kama mulamula si ukingo wa kijiji, ni lazima ithibitishwe mbele ya baraza ni ya nani na nani. Mjane peke yake hatoshi, kwa kuwa jambo linamhusu. Anatakiwa mtu wa upande wa pili.

Mtu wa upande wa pili alikuwa Ta Kaijage.

Mmeshaona fundo lilipo. Ili Ma Kokwijuka azikwe na mumewe, Ta Kaijage alipaswa kusimama hadharani na kusema kwamba mulamula ile ni mpaka halali kati yake na kaka yake. Akisema hivyo, kesi aliyoilea maisha yake yote imekufa, na mibuni imekwenda. Akisema si mpaka wao, au akinyamaza tu, mstari wangu unabaki, nyumba na kaburi la kaka yake vinakuwa vya mji.

Ta Petro alimwendea, akatafuna kahawa zake, akarudi bila jibu. Akaenda tena. Mara ya tatu tulikwenda wote wawili, na mzee akatupa lubisi, pombe yetu ya ndizi, tamu sana, akazungumzia mvua, ugonjwa wa kahawa, ubovu wa vijana, kila kitu ila kile kilichotuleta. Wakati huo Ma Kokwijuka alikuwa ameacha kwenda kanisani kwa miguu. Wanakwaya walikuwa wakimfuata kumwimbia nyumbani, na mara mbili nilisimama nje ya ua nikiwasikiliza, mimi Mkatoliki, nikiwa sina la kumwambia nikiingia.

Baraza likaitishwa pale pale shambani, mchana, watu wameketi kwenye majani makavu ya migomba. Bwana Mpola alikuwa na meza yake ndogo ya kukunja. Ma Kokwijuka aliletwa kwenye kiti, akiwa amefunikwa shuka, ingawa jua lilikuwa kali. Ta Kaijage alisimama upande wake wa mulamula, akiegemea fimbo, hakuketi na wengine.

Bwana Mpola akamuuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mzee, mulamula hii ni mpaka wa nani na nani?"

Nimeshuhudia mabaraza mengi. Kwa kawaida Mhaya akiulizwa habari ya mpaka huanzia kwa babu wa babu yake. Ta Kaijage hakuanza popote. Alimtazama shemeji yake, na Ma Kokwijuka naye alimtazama, bila kumwomba. Kuku walipita kati yetu. Mkungu akaanza kikohozi chake, mtu akamkanyaga mguu.

"Ni yangu na kaka yangu," alisema Ta Kaijage.

Watu wakaguna. Bwana Mpola, ambaye alikuwa akiandika, akamwomba arudie.

"Andika ulichosikia, Bwana. Hilo silisemi mara mbili."

Ma Kokwijuka akajifunika uso kwa shuka, na mabega yake yakatikisika. Mimi nilitoka nikaenda nyuma ya mgomba, nikalia kama mtoto. Ta Petro alinifuata akaniuliza kama nimeumwa na mdudu.

Idhini ilichukua muda wake kurudi, kama idhini zote, lakini ilirudi. Tuliyang'oa mawe tukayashusha mpaka mahali majani yanapoishia, pale pale alipopataka Bwana Mpola tangu mwanzo. Ta Petro alipima upya mipaka yake yote aliyotia shaka, akakuta pawili palipohitaji kurekebishwa, akaparekebisha. Hakuna aliyemdharau. Tulipokuwa tukivuta mnyororo kwa mara ya mwisho pale Kibeta, Ta Kaijage alikuja kututazama. Nikajikaza nikamuuliza kwa nini alikubali. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula.

"Wewe mwana, nimegombana na Laurenti tangu sijaota ndevu. Ni kaka yangu. Mkimpeleka mjini, mimi nitagombana na nani? Na Bwana D.C.?"

Ma Kokwijuka aliishi kuona mawe yakishuka, akatutumia mkungu wa ndizi na kuku. Hakukaa sana baada ya hapo. Tulikwenda maziko kikosi kizima, na Bwana Mpola akiwa ameshika kofia yake mkononi. Alizikwa kando ya mumewe, nyuma ya nyumba. Kaburi lilipokuwa likifukiwa, watu walisogea kumpisha mtu, nikaona ni Ta Kaijage. Alikuwa amevuka. Alichukua jembe kwa kijana mmoja, akasukuma udongo kidogo, kisha kidogo tena, mpaka pumzi ikamwishia. Akasimama akaangalia yale makaburi mawili, halafu akageuka akaonyesha kwa fimbo mahali upande wake, karibu kabisa na mpaka.

"Mimi nichimbieni pale," aliwaambia wanawe. "Msinipeleke mbali. Tuna maneno hatujayamaliza."

Walimchimbia pale pale alipoonyesha.